Kidole Katika Chokaa ya Tongoni

Juzi mafundi walipaka chokaa msikiti mmoja wa Mayfair, hapa Johannesburg, na harufu yake ikanirudisha utotoni, pwani kwetu Tongoni, kwenye magofu ya msikiti wa kale wa matumbawe. Shangazi, aliyetamani mtoto, alinitaka nipeleke chetezo cha ubani ndani ya mihirabu, kile kishubaka cha kibla, kuombea ajaliwe. Nilikataa, kwa kuwa wenzangu walisema palijengwa na majini.

“Jini gani huyo, baba, asahau kufuta kidole chake?” alicheka, akinionyesha alama ya kidole kidogo kwenye chokaa ya ukuta.

Nilitia changu, kikaenea. Nikaamini kwamba majini ni watoto kama mimi, nikaingia bila hofu.

Shangazi hakujaliwa mtoto, sitadai vinginevyo. Lakini mikono ya watu iliyopaka chokaa ile, Johannesburg nzima sijaona mfano wake.