Kokoto za Dharmo

Dharmo, mke wa Rulda Ram mfinyanzi, hakuulizwa kama anataka mji. Nchi ilikuwa imegawanywa, Lahore, mji mkuu wa zamani, imebaki upande wa pili wa mpaka, na serikali ya Punjab haina pa kukaa. Wapima ardhi wakaja na vigingi vyao, wakasema mji mkuu mpya, Chandigarh, utajengwa hapa: juu ya ngano, juu ya nyumba, juu ya bwawa ambalo Rulda alichimba udongo wake tangu utotoni.

Wakahamishiwa kwenye vibanda. Rulda, bila udongo, alishinda ameketi, mikono mapajani. Ikabidi Dharmo aende kubeba kokoto za barabara.

Nyumba aliweza kuisahau. Lakini kando ya bwawa ndiko alikolala Bholi, binti yake wa miezi saba. Kwao mtu mzima akifa huchomwa. Mtoto mchanga hurudishwa ardhini.

Vigingi vilipofika bwawani, alimfuata msimamizi, Kesar Singh, mkimbizi kutoka Lyallpur, ng'ambo ya mpaka.

"Kaka, nakuomba. Isogezeni barabara hatua kumi tu."

"Hatua kumi! Dada, nikikigusa kigingi kimoja, nitang'olewa mimi."

"Mwanangu yuko pale."

Kesar Singh akarekebisha kilemba ambacho hakikuwa na kasoro. "Mke wangu alinifia njiani tukikimbia, nikamwacha," akasema. "Sikumfunika hata shuka. Mahali penyewe sipakumbuki. Wewe angalau unajua wako alipo."

"Ndiyo ubaya wake, kaka."

Barabara hakuisogeza. Alimruhusu tu aweke kokoto za pale mwenyewe.

Dharmo akachuchumaa, akazipanga moja moja. Wenzake wakaanza maneno: "We Dharmo, unajenga barabara au unatandika kitanda? Tukikungoja wewe, mji utakamilika tumeota mvi!"

"Fungeni midomo yenu," akasema Santi, jirani aliyeiosha maiti ya Bholi. Akatua karai lake, akachuchumaa naye. Wengine wakaelewa. Hakuna aliyecheka tena.

Adhuhuri rola la kushindilia likapita. Dharmo alisimama pembeni akiuma mtandio, mpaka likafika mbali.

Jioni Rulda akauliza, "Wamefika wapi?"

"Mbali."

"Bwawa wamelivuka?"

"Wamelivuka, baba Bholi."

Miaka mingi hakuwa amemwita hivyo. Rulda aligeukia ukuta. Dharmo aliendelea kukanda unga wa chapati, akakanda, akakanda, hata moto ukazimika jikoni bila yeye kujua.