Cere ya Baba Haina Mwisho Sasa

Watu wa Koboko, nilikoolewa, walisema uzazi umenichanganya akili. Walisema mbele yangu, mtoto akiwa kwenye titi. Hakuna aliyeniuliza nafanya nini na redio kaseti mbili, wembe na selotepu, kwa hiyo nitaeleza mwenyewe.

Redio moja ilikuwa yangu, nyingine ya mume wangu, ambaye siku nyingi alikuwa njia ya Sudan akiendesha malori ya watu. Nilifungua skrubu za kaseti, nikakata kipande cha utepe, nikaunganisha ncha zake kwa selotepu na kukirudisha ndani. Sauti inazunguka, haiishi. Halafu naweka redio zitazamane, moja inaimba, nyingine inarekodi. Nilizungusha mlio wa mchi wa jirani. Nilizungusha mashine ya kusaga muhogo, na makusudi nikaipiga kwa betri zilizochoka ili ingurume taratibu, kama lori linalopanda mlima na mzigo. Hakuna gitaa, hakuna mwimbaji. Ulikuwa muziki. Anayebisha abishe kwake.

Lakini sauti niliyoitaka kuliko zote ilikuwa ya baba yangu. Kwetu Manibe, kwa Walugbara, mtu mzima ana cere yake, mwito mrefu wa sauti nyembamba anaoupiga akiwa na furaha, au akitoka kwenye pombe, na hata aliye ng'ambo ya mto anajua ni nani anarudi nyumbani. Ni wake peke yake. Ukipiga ya mwingine umetafuta ugomvi, na ya marehemu ndiyo kabisa, hakuna mdomo unaoigusa. Sisi tuliporudi kutoka ukimbizini Zaire, baba alibaki huko. Aliposikia nimezaa, alinitumia kaseti kwa mkono wa mfanyabiashara: salamu, malalamiko mengi juu ya magoti yake, na mwishoni kabisa akapiga cere. Ikapanda, ikakaa juu, ikashuka, halafu unamsikia anavuta pumzi na kucheka. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Walimzika huko huko.

Mgongoni mwa kaseti ile nilivunja vile vidude viwili vya plastiki, ili redio yoyote ikatae kurekodi juu yake. Nikaanza kunakili cere kwenye kaseti nyingine, kipande kwa kipande. Nilikuwa nimemaliza pale inapopanda tu, betri zikafa. Nikazianika juani, nikaenda shamba.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa anapiga disko pale sokoni. Akaingia nyumbani kwangu, akachukua kaseti ya baba, akaziba matundu yake kwa karatasi ya pakiti ya sigara, akarekodi. Jioni aliirudisha kwa adabu na kuiweka juu ya kigoda. Nilipoiwasha nikamsikia yeye, anawakaribisha watu kwenye dansi, halafu magitaa. Nikageuza upande wa pili. Magitaa.

Mimi nyumbani kwetu ni Kilugbara, wao ni Kikakwa. Tukitaka kugombana tunagombana kwa Kiswahili.

"Nani alikuambia hii kaseti iko tupu?"

"Haikuwa tupu, shemeji. Iko na kelele tu. Muzee mulevi anapiga kelele."

"Huyo mulevi ni baba yangu."

Akamtazama mama yake. Mama mkwe alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua kichwa. Alisema kaseti zinauzwa dukani, na kwamba mwenye akili hafungii sauti ya maiti chumba kimoja na mtoto mchanga, mwanawe kanisaidia. Nilimwambia sikuomba msaada. Akasema ndiyo shida ya kuoa wasichana waliosoma mpaka kidato cha nne, wanajibu kila kitu.

Hapo shemeji akaona atulize mambo.

"Si wewe iko na mdomo? Piga wewe mwenyewe, tunarekodi tena."

Alisema hivyo akitabasamu. Kwa mdomo wangu, nipige cere ya baba yangu aliyekufa, ili yeye asiwe na kosa. Nilishika kile kigoda nikamrushia. Kilimpata begani. Mama mkwe alipiga yowe kwamba namuua mtoto wake, majirani wakaja, wakaambiwa ni ule ugonjwa wa uzazi. Sijutii kigoda. Najuta kwamba kilikuwa chepesi.

Kesho yake shemeji aliniletea kaseti mpya, bado imo ndani ya nailoni yake. Niliipokea, sikusema asante. Nikaweka sauti ya mashine ya kusaga chini, ikinguruma, na juu yake nikaizungusha cere ya baba, kile kipande kilichobaki. Inapanda, inapanda, inapanda. Kushuka hakuna. Pumzi hakuna, kicheko hakuna. Nikaweka redio mlangoni, mdomo wake ukitazama nyumba ya shemeji, na kila alipokaa kula niliiwasha.

Siku ya nne akaja, mikono nyuma, bado ameinamisha bega moja.

"Shemeji, hii kitu itaisha wakati gani?"

Nikamwambia mwisho wake uko chini ya disko lake, aende akautafute. Akasimama pale, kama anangoja jibu lingine. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwangu, amezoea. Nikaongeza sauti.