Mikono Juu Mpaka Aseme

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo msomaji anivumilie nikikata kona. Nitarudi tu. Nataka kueleza jinsi nilivyopanda mlima kwa miguu yangu mwenyewe, mwili huu huu, baada ya kufundishwa na binti wa kwenye simu ambaye hata shikamoo hakunipa.

Lakini lazima nianze na unene, maana sikuzaliwa nao. Nimezaliwa Uluguruni, juu kupita Kinole, huko ambako hakuna mahali tambarare pa kuweka yai. Mtoto wa kule akitumwa chumvi anapanda, akirudi anateremka, akisahau chenji anapanda tena. Unene utakukuta saa ngapi? Kisha marehemu mume wangu akaniteremsha, tukakaa Mikese, nikauza machungwa barabarani miaka mingi juu ya stuli moja. Gari likisimama nilinyanyua beseni, mwenyewe sinyanyuki. Madereva wa malori walikuwa watu wema, wakinunua chapati na nyama wananikatia, na mimi kukataa chakula sikufundishwa. Stuli ikawa inapungua, mimi naongezeka. Nilipohamia kwa mwanangu hapa Kihonda, hata kugeuka kitandani nilikuwa nageuka kwa awamu.

Sasa jambo lenyewe. Kwetu Waluguru ardhi inakwenda kwa upande wa mama. Shamba la mama yetu, lenye migomba na iliki na michungwa michache, ni letu mimi na dada yangu, na baada yetu ni la mabinti zetu. Dada ndiye mkubwa, anakaa huko huko juu, na mjini hashuki tena kwa sababu kushuka kunamuumiza magoti kuliko kupanda. Mama alipokuwa hai alitufundisha mpaka wa shamba nusu nusu. Dada alipelekwa upande wa makaburi, mimi upande wa mtoni. Nadhani mama alifanya makusudi ili tusiachane. Sasa upande wangu masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, yamekufa, na jirani wa kule migomba yake inatembea. Kila mwaka inasogea hatua moja. Asiyejua atasema migomba haina miguu.

Basi dada akapiga simu. Akasema masika yakianza tu anataka mabinti wote wa ukoo waje, waonyeshwe mpaka, tupande masale mapya. Nikamwambia nitakuja. Akauliza, kwa miguu? Nikajua anakumbuka mara ya mwisho.

Mara ya mwisho niliishia kwenye kilima cha nyuma ya soko la Kinole. Pale gari linapokuacha, kilichobaki ni njia ya miguu. Nilikaa juu ya jiwe, pumzi imekatika, goti limegoma, ikabidi vijana wanne waje na machela. Kwetu machela hubeba mgonjwa au maiti. Njiani mama mmoja akauliza kwa huzuni nani amefariki. Nikamjibu mwenyewe kutoka juu ya machela kwamba bado.

Kwa hiyo dada akaniambia neno moja kwenye simu, na hilo ndilo lililonitoa kwenye kiti. Alisema, "Mpaka unaonyeshwa na anayetembea. Anayebebwa naye ni mzigo."

Tulikuwa tumebakiwa na miezi minne kabla ya masika.

Nilianza na zahanati. Muuguzi akanipima kila kitu, akasema sukari inanukia, sio kwamba imefika, ila inapiga hodi. Nipunguze wanga, nipunguze mafuta, nitembee. Nikamwambia nikitembea goti linalia. Akasema basi fanya mazoezi ya nyumbani, video ziko tele kwenye simu. Nikarudi nimekasirika, kisha nikamwambia mke wa mwanangu.

Hapa pana mtihani. Mkwe ni mkwe. Mimi na huyu binti tunaheshimiana, mbele yake hata miguu sinyooshi, sasa nitachuchumaaje huku nimevaa suruali? Naye aliona aibu kama mimi. Akanitafutia video, akaegemeza simu kwenye kopo la sukari, ambalo siku hizo halikuwa na kazi nyingine, akabonyeza, akageuka akatoka na kurudishia mlango. Nilivaa suruali ya michezo ya mwanangu, juu dera.

Akatokea binti mwembamba, meno meupe, yuko Dar au wapi sijui. Akasema hamjambo. Nikamjibu sijambo, nikangoja shikamoo. Akaanza kuruka. Nikasema moyoni, haya, watoto wa siku hizi, nikaruka na mimi. Niliruka mara tatu. Vikombe kabatini viliruka zaidi.

Lakini nisifiche, nilifurahi. Moyo ulikuwa unadunda kama mtu anayetwanga, jasho linaingia machoni, na ndani ya mwili nikasikia kitu kimeamka ambacho nilidhani tulikizika Mikese. Kesho yake baada ya sala ya alfajiri nilikuwa tayari nimesimama mbele ya kopo la sukari kabla mkwe hajaamka vizuri.

Siku ya nne au ya tano ndipo lilipotokea lile la mikono. Binti wa simu alisema tunyooshe mikono juu, viganja vitazame mbele, tukaze tumbo, tusishushe mpaka atakaposema. Nikanyoosha. Naye kanyoosha. Tukatazamana. Nikaona huyu mtoto kweli ana nguvu, hapepesi hata jicho. Mabega yakaanza kuwaka. Yeye kimya, anatabasamu. Mimi nikasema, mwanangu, hunishindi.

Niseme kwa nini sikushusha, maana msomaji atanicheka. Nilipokuwa mwali, nimewekwa ndani kama desturi, aliyenisimamia alikuwa dada yangu. Alikuwa mkali, Mungu amweke. Akikuonyesha jambo unalifanya kama anavyolifanya, na huachi mpaka aseme basi. Ukiacha kabla, unaanza upya. Siku moja alinifundisha kubeba mtungi kichwani bila kuushika, akaenda kuongea na mgeni, akanisahau. Nilisimama na mtungi mpaka kivuli kikahama upande wa pili wa nyumba. Aliporudi aliangalia tu, akasema basi. Hakunisifu. Lakini usiku ule nilisikia anamsimulia mama, na anacheka kwa furaha. Mambo hayo hayatoki mwilini. Mwalimu hajasema, hushushi.

Mkwe akafungua mlango kuchukua ufagio, akanikuta natetemeka mwili mzima kama jenereta, machozi yananitoka, mikono juu.

Akauliza taratibu, "Mama, kuna nini?"

"Hajasema tushushe."

Akatazama simu. Akaficha mdomo kwa kanga. "Mama, bando limeisha. Ameganda."

Nikashusha. Nikakaa kwenye mkeka, na mkwe akakaa karibu yangu, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kuanzia siku hiyo aibu ya ukwe ilipungua kidogo. Asubuhi akawa anasimama nyuma yangu, sio pembeni, nyuma, ili tusitazamane, tunaruka wote. Na mimi nikawa nimejua siri: kama mikono hii inaweza kukaa juu muda wote ule, basi mwili haujafa, ulikuwa umekaa tu.

Kuna kuchuchumaa kulikonishinda. Kila nikishuka naanguka mbele. Binti wa simu anasema mgongo uwe wima, mgongo uwe wima, sijui wima gani. Mpaka nilipoviringisha kanga nikafanya kata, nikaiweka kichwani na beseni la maji juu yake. Hapo mgongo ukajinyoosha wenyewe kama mlingoti. Nikashuka, nikapanda, tone halikumwagika. Nilitamani huyo mwalimu anione.

Kupungua sikupima kwa mizani. Marehemu alikuwa kazini kwenye mashamba ya mkonge, nyumbani hatukukosa kamba ya katani. Nilijizungushia moja kiunoni, kila Ijumaa nikakata kilichozidi. Vipande nikaviweka kwenye kopo la sukari. Ugali nikaushusha mpaka saizi ya ngumi, mchicha ukawa mlima. Chapati niliziota. Nikiri pia kwamba siku ya harusi ya mtoto wa jirani nilikula pilau sahani mbili, na Ijumaa ile sikukata kitu, kamba karibu initukane.

Majirani wakaanza minong'ono. Wakaja wawili na uji wa ulezi, wakaniuliza kwa upole kama nimeshapima. Hapa mtu akikonda ni mgonjwa mpaka athibitishe vingine. Nikachuchumaa mbele yao mara kumi na beseni kichwani. Uji waliunywa wenyewe.

Siku ya safari mlima ulikuwa umevaa mawingu kichwani. Tulifika sokoni Kinole asubuhi, mimi na mabinti zangu wawili na mkwe aliyekuja kunishuhudia, ingawa shamba si lake. Na pale, chini ya ukuta wa duka, vijana wanne wamekaa, machela imekunjwa pembeni. Dada kawatuma, eti kwa tahadhari. Damu ilinichemka. Nikawasalimia, nikatengeneza kata, nikajitwika mzigo wa masale niliyotoka nayo Kihonda, nikapanda.

Kwenye jiwe lile la mara ya mwisho goti likauliza swali. Nilisimama, nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa, ndani kwa pua, nje kwa mdomo, mgongo wima. Sikukaa. Nyuma nasikia kijana mmoja anamnong'oneza mwenzake kwamba wangejua wasingebeba machela, na mwenzake akasema bora waendelee kuibeba, bado kuna mteremko wa kurudi. Nikacheka, na kicheko kikanisukuma.

Dada alikuwa amekaa mlangoni. Nikatua mzigo, nikampa shikamoo. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vumbi la miguu.

"Marahaba. Umekonda. Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekuja kuonyesha mpaka."

Tukauzunguka wote, pamoja na mabinti wa ukoo waliokwisha kufika, yeye na fimbo yake. Upande wa makaburi aliongea yeye, upande wa mtoni niliongea mimi. Jiwe lenye ufa, ambalo mama alinionyesha kuwa ndio mpaka, lilikuwapo, na migomba ya jirani ilikuwa imelivuka hatua nne. Jirani mwenyewe alikuja, akatazama jiwe, akatazama mabinti walivyo wengi, akasema kweli, mpaka ulikuwa hapo. Tukachimba, mabinti wakapanda masale kwa mikono yao.

Alasiri tukakaa uani, nikamsimulia dada habari za binti wa simu. Dada akasema huyo mwalimu wangu aletwe amwone. Nikatoa simu, mtandao hakuna hata kidogo. Nikamwambia basi nitamwonyesha mimi. Alikaa kwenye kigoda kwa ajili ya magoti. Nikasimama mbele yake, nikamwambia anyooshe mikono juu, viganja mbele, na asishushe mpaka niseme.

Akanyoosha. Mikono ile ile iliyonifunga kanga ya uali, sasa ngozi tupu na mishipa. Ikaanza kutetemeka. Mabinti wakasogea karibu. Akanikazia macho, na mimi nikamkazia, mikono yangu pia iko juu, na nyuma yake naona masale mapya yamesimama mstari mzima mpaka mtoni. Kila nikitaka kusema basi, naona hataki niseme.