Bibi Harusi wa Jivu na Kinyozi wa Sakai

Katika kampuni yetu ndogo ya kutengeneza gemu, hapa Osaka, kazi yangu ni kuchora deraya, panga na ngao. Kanae Ochiai, aliyekaa meza ya pili kutoka yangu, ndiye aliyeamua deraya hizo zina nguvu kiasi gani, na majitu ya ndani ya gemu yanapiga kwa uzito gani. Kama umewahi kuicheza gemu yetu ukauawa na jitu lile lile mpaka ukairusha rimoti ya kuchezea kwenye kochi, aliyekufanyia hivyo ni Kanae. Mwenyewe ni mtu ambaye mbu akiingia ofisini humfungulia dirisha atoke.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa kwenye gemu yetu ya pili. Ndani yake kulikuwa na Bibi Harusi wa Jivu, jitu la kike lenye shela refu la kijivu, linalolinda lango la mlimani kwa fimbo ya chuma. Nilimchora kwa mapenzi makubwa. Shida ilianza tulipowaita watu wa kujaribu. Waliomwendea moja kwa moja waliuawa hadi wakaomba ruhusa ya kurudi makwao. Wale waliobaki kwanza mabondeni wakichinja mbweha na kukusanya deraya kamili walimwangusha kabla hata hajainua shela.

"Nimeua mbweha tangu asubuhi," binti mmoja alilalamika, "halafu bibi mwenyewe kaniyeyukia kama biskuti kwenye chai. Sasa nilikuwa najiandaa kwa ajili ya nini?"

Murota, mama aliyekuwa mkuu wetu, alimsogelea Kanae mezani. "Kanae, huyu bibi harusi kwa mmoja ni ukuta, kwa mwingine ni pazia. Mlango uko wapi?"

"Nautafuta, bosi."

Aliutafuta kweli. Alimwongezea Bibi Harusi uhai, na waliohangaika kukusanya deraya wakasema wameibiwa, kwani deraya zao sasa zilikuwa mapambo tu. Akampunguzia, na wachezaji mafundi wakapiga miayo. Kila alipovuta shuka upande huu, upande ule ulibaki wazi. Alianza kula chakula cha mchana akiwa ameangalia ukuta, na mimi nilijua si kwa sababu ya kazi peke yake.

Mumewe, Iwao, alikuwa kinyozi kule Sakai, mji wa jirani. Kinyozi hasa, wa kusimama mlangoni na kumtania kila anayepita. Nyumba yao ilikuwa juu, saluni chini. Masika yale alipigwa na kiharusi. Alipona, akaweza kutembea na kusema, ila mkono wa kulia ulibaki mzito, vidole vikichelewa kama watu walioamshwa usingizini. Baada ya muda alijaribu kurudi kazini. Alimnyoa Mzee Hamaguchi, rafiki yake wa siku nyingi, na kesho yake akafunga saluni. Hakueleza kwa nini. Kanae hakuuliza.

Hospitalini walimpa udongo wa kufinyanga na vibanio vya nguo, afanye mazoezi ya vidole. Aliuangalia udongo ule, akamwambia mkewe, "Wanataka niwe mfinyanzi au dobi? Waulize vizuri." Kisha, siku moja wakila vibua wa kuchoma, akasema, "Hebu niletee hiyo gemu yenu. Kama ni kusumbua vidole, si bora nisumbuliwe na mke wangu?"

Murota alikubali Kanae achukue nakala ambayo haijakamilika. Ndivyo Iwao alivyokutana na Bibi Harusi.

Nilikwenda kwao Jumatatu moja ya mapumziko, nikamkuta ameketi sakafuni, rimoti ameilaza juu ya paja, mkono wa kushoto ukikimbia na wa kulia ukifuata nyuma. Bibi Harusi akainua fimbo. Iwao akaona, akajua, kidole kikachelewa.

"Nimekufa," alinitangazia. "Shino, karibu msibani. Chai iko jikoni."

"Pole, shemeji."

"Pole ya nini? Mjane wangu yule pale anamenya viazi, hata chozi hana."

"Nitalia nikimaliza viazi," Kanae alisema.

Tulicheka. Lakini Iwao alipogeuka kuanza upya, nilimwona Kanae akimtazama mgongoni, kisu kimesimama katikati ya kiazi.

Iwao alifanya kilichofanywa na wengi: akarudi mabondeni kuua mbweha na kukusanya deraya. Aliyachukia mabonde yale. Alisema ni kama kufagia nywele za wateja wa mtu mwingine. Kisha aliachana nayo, akamwendea Bibi Harusi na koti jepesi tu, akafa, akafa tena. Vicheko vikapungua. Siku nyingine Kanae alirudi na kukuta televisheni imezimwa na mumewe amelala mchana.

Hapo Kanae akafanya jambo ambalo kwa fundi wa kazi yake lilikuwa rahisi kupita yote. Aliifungua nakala ya nyumbani akapunguza uzito wa fimbo ya Bibi Harusi, akamchelewesha kidogo kuinua mkono. Alinieleza baadaye kwamba alijiona kama anayetia dawa kwa siri kwenye uji wa mgonjwa.

Siku iliyofuata Iwao alishinda. Alipiga kelele hadi jirani yao, Bi Tokuda, akagonga ukuta kuuliza kama kuna moto. Alimkumbatia mkewe kwa mkono mmoja na nusu. Kisha akaketi, akarudia pambano lile lile, akashinda tena. Akaweka rimoti chini polepole.

"Kanae. Huyu bibi leo anaumwa?"

"Anaumwa nini tena? Umezoea tu."

"Niangalie."

Kanae hakuweza kumwangalia.

"Unajua kwa nini nilifunga saluni?" Iwao alisema. Hakupaza sauti. "Nilimkata Hamaguchi vibaya. Upande mmoja juu ya sikio, upande mwingine chini. Hata kipofu angeona. Yule mzee, ambaye zamani nikikosea unywele mmoja ananitukania ukoo, akajitazama kwenye kioo akasema, 'Safi sana, Iwao, safi sana.' Akanishukuru kwa adabu kama mgeni. Nikajua nimekwisha. Siyo kwa sababu ya mkono. Kwa sababu hata kunitukana ameona sistahili."

Kanae alianza kulia. "Nilitaka tu upate raha kidogo."

"Najua ulichotaka, mke wangu. Ndiyo maana sijaondoka hapa nilipokaa." Akamsogezea boksi la karatasi za kufutia machozi. "Mrudishe kama alivyokuwa. Anipige vile vile. Mimi naona akitaka kupiga, macho yangu hayajapata kiharusi. Mkono ndio unachelewa, na nikichelewa mara moja tu nimekufa, hata kujifunza sijapata. Kama angenipiga nikayumba, nikainuka, nikamwangalia tena usoni, ningekaa naye mwaka mzima."

Kanae alifika ofisini kesho yake na macho yaliyovimba, akavuta kiti mpaka mezani kwangu. "Shino, hizi deraya zako, tumekuwa tukizitumia vibaya. Nimezifanya zimuue Bibi Harusi kwa niaba ya mchezaji. Sitaki zimuue. Nataka zimwinue anayeanguka."

Tulifanya kazi ile pamoja majira yote ya joto. Bibi Harusi alirudi kuwa mkali kama zamani, na hakuna deraya iliyomlainisha. Ila koti zito sasa lilikuacha uyumbe badala ya kuanguka. Glavu za pembe zilikuongezea chembe ya muda wa kukinga fimbo, kwa anayeona lakini anachelewa. Mbweha wa mabondeni tuliwaondolea zawadi zote. Kila kipande cha deraya tulimpa kiumbe mmoja mwenye pigo linalofanana na moja la Bibi Harusi. Aliyevaa glavu za pembe, basi alizipata kwa kumshinda paa aliyepiga kutoka kushoto kama bibi anavyopiga. Mtu alifika langoni amevaa, na wakati huo huo amefundishwa. Na fundi aliyetaka kwenda na koti jepesi aliachiwa njia yake, apigwe mpaka ashibe.

Wenzetu wengine walinung'unika. Mmoja alisema tunawabembeleza watu.

"Kambembelezwe na Bibi Harusi kwanza, halafu uje uniambie," Kanae alimjibu, akampa rimoti. Alirudi amenuna, na kesho yake akaomba arudie.

Iwao alipewa nakala mpya. Safari hii Kanae hakuigusa nyumbani. Alikuwa akikunja nguo au kupika supu ya miso, na akisikia "Nimekufa" alijibu "Pole, marehemu" bila kugeuka. Aliniambia kutogeuka huko ndiko kulikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Mumewe alikaa na yule paa mpaka akamjua kama alivyojua visogo vya wateja wake. Alizipata glavu. Alizivaa kwenda langoni, akapigwa, akayumba, akainuka.

Siku aliyomshinda Bibi Harusi hakuwa na mtu nyumbani. Kanae alirudi, akamkuta anaosha vyombo, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake.

"Umevunja nini?" akauliza.

"Sijavunja kitu. Yule bibi yako nimemzika saa nne asubuhi. Mimi na yeye tu. Hakuumwa leo, alinipiga hadi nikasema sala zangu." Akaendelea kusugua bakuli moja lile lile. Kanae alimshika kutoka nyuma, wakasimama hivyo mpaka maji yakafurika sinki.

Mkono wa Iwao haukurudi kama zamani, nisidanganye mtu. Wembe hakuushika tena. Lakini alimwita Mzee Hamaguchi akamwambia, "Nitakuosha nywele, na nikikumwagia maji sikioni unitukane, ama sivyo usije." Hamaguchi alimtukana vizuri sana, kwa sauti iliyofika barabarani. Baadaye saluni ilifunguliwa tena: kinyozi mwanamke kutoka mtaa wa pili akishika mkasi, na Iwao akiosha vichwa, akikanda mabega na kutania wapita njia. Gemu yetu nayo ilitoka, wengine wakaipenda, wengine wakatuandikia kwamba sisi ni watu wenye roho mbaya. Kanae alizisoma barua zote kwa makini.

Jumatatu saluni hufungwa, na mwezi uliopita nilipita kwao kula chapati nene za kabichi. Aliyekuwa ameketi mbele ya televisheni ni Bi Tokuda, yule jirani, mwanamke wa miaka sabini na ushee, miwani imemshuka puani. Alikuwa amemwendea Bibi Harusi bila deraya yoyote, hata koti.

"Vaa glavu, mama," Iwao alimsihi. "Nimekuonyesha zilipo."

"Mimi na joto hili nivae glavu?"

"Siyo wewe unayevaa, ni yule mtu wa kwenye gemu!"

"Na yeye anasikia joto, huoni anavyohema?" Fimbo ikashuka, Bi Tokuda akafa, akacheka hadi akakohoa. "Tena! Nataka nione shela lake kwa karibu. Lile limeshonwa vizuri kweli."

Nilijivuna kidogo, maana shela lile nililichora mimi. Kanae alikuwa ameacha kugeuza chapati. Alisimama na mwiko mkononi, akimtazama yule mama akikimbia tena kuelekea kifo chake, akiwa na furaha tele, bila haja yoyote ya kushinda.

"Shino," alininong'oneza, "mtu kama huyu sikuwahi kumfikiria kabisa. Tutamtengenezea nini?"

"Chapati inaungua, Kanae," nilimwambia.