Vidonge vya uzazi vilinitulizia damu, kichwa kikaniangusha, na nyumba nzima ikawa madaktari

Wakuu, salamu toka Bunia. Hii ilinipata miye mwenyewe, siongezi kitu. Nimechoka, acha niitoe.

Nauzisha vitenge sokoni. Kila mwezi damu ilitoka nyingi mpaka kizunguzungu, tumbo nalo likikata. Rafiki akaniambia vidonge vya kupanga uzazi, vile vya homoni mbili, vinapunguza. Nikanunua kwa farmasi. Muuzaji hakuuliza kitu. Hata tansyo, presha ya damu, hakupima!

Kusema kweli, vilisaidia. Mwanzoni kichefuchefu, matiti kuuma, matone ya damu katikati ya mwezi. Halafu ikatulia.

Mama mukwe akaviona.

"Unamufungia mutoto wangu uzazi?"

"Hapana mama, ni juu ya damu."

"Damu ni ya wanamuke wote!"

Bwana yangu alijua yote tangu mwanzo. Akakaza macho kwa televizyo. Eti anatafuta amani!

Asubuhi moja napimia mteja kitenge, nikaona mwanga wa mistari-mistari. Nusu ya uso wake ikapotea. Kisha kichwa kikauma sana, na kutapika.

Wifi: malaria. Jirani: mapepo. Nikameza dawa ya malaria bure. Mwanga na kichwa vikarudi, sasa na ganzi mkononi. Hapo bwana akaogopa, akanipeleka hospitali kwa moto, yaani pikipiki.

Daktari, mama mmoja mtulivu, akauliza, "Mwanga huo uliuona hata kabla ya vidonge?"

"Ndiyo, tangu shule, mara mojamoja."

"Basi hivi haviko vyako. Kwa mtu wa kipandauso cha namna hiyo, damu inaweza kuganda ikaziba mshipa wa ubongo. Acha leo."

Akanipa vya homoni moja, akaagiza nipimwe damu inatokea wapi.

Kufika nyumbani, mama mukwe alishatangazia avenue yote, mtaa mzima: "Nilisema dawa ni mbaya!"

Nilitaka kulia. Ndipo bwana akazima televizyo.

"Mama, ile dawa haikuwa yake. Atakunywa ingine, na miye nimekubali."

Mama akabeba sahani yake, akaenda kula jikoni. Mpaka leo ananisalimia kwa mkato. Na iwe.

Wadada, vidonge hivi vinafaa wengi, lakini mupimwe tansyo kwanza. Museme kama munavuta sigara, kama munaumwa kichwa chenye mwanga. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, mukimbie hospitali.

Ninyi farmasi iliwauliza nini? Wababa pia muandike. Ila mapepo hapana, hayo nimeshaambiwa.