Uzi Ulioingia Gurudumu la Tatu

Siku hizi nikienda kwa mtu ambaye nina kitu chake cha kupima, sili kwake mpaka niwe nimesema. Watu wananiona nina maringo, na wengine wameninunia kabisa, maana kwetu kukataa maji ya kunawa ni kumvunjia mwenyeji heshima mbele ya watoto wake. Wanune tu. Nilishakula mara moja kabla ya kusema, na kuku yule bado amenikaa kooni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma mjini. Nina umri wa kuitwa mama, lakini kila Jumamosi na Jumapili asubuhi utanikuta Chimwaga nikiteremka barabara ya lami juu ya sketibodi, napinda kushoto na kulia kati ya chupa za maji zilizopangwa mstari mmoja. Mchezo huo unaitwa slalomu. Kwingine wanapanga vikoni vya plastiki. Sisi tunapanga chupa zilizojazwa mchanga, kwa sababu upepo wa huku ukikuta chupa tupu unaondoka nayo. Tuko kumi na kitu, wengi ni wanafunzi wa chuo. Mimi ndiye mkubwa kuliko wote, na ndiye ninayewashonea kinga za magoti, kwa hiyo anayetaka kunicheka ananichekea mbali.

Kwenye slalomu gurudumu ndilo kila kitu. Likiwa gumu mno linateleza kwenye kona, likiwa laini mno linanata na kukuchelewesha. Na mazuri hayauzwi Dodoma. Yanaagizwa nje, yanakaa njiani hadi mtu anasahau rangi aliyochagua, na yakifika anagundua siyo aliyoyahitaji. Ndiyo maana nilianzisha daftari la kupima magurudumu.

Nilipima kwa haki, na haki hiyo niliionea fahari kupita kiasi. Naanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kumaliza saa mbili, kabla upepo haujaamka. Viatu ni vilevile. Beringi ni zilezile, nazihamisha kutoka seti moja ya magurudumu hadi nyingine, nisije nikalisifu gurudumu kumbe sifa ni ya beringi. Umbali kati ya chupa naupima kwa futi yangu ya kupimia nguo, halafu naweka alama ya chaki. Nateremka na seti ya kwanza, kisha ya pili, kisha narudia ile ya kwanza, ili kama nimechoka uchovu uziguse seti zote. Muda naandika kwa wino. Mashaka naandika pembeni kwa penseli, yakithibitika nayapitia kwa wino, halafu naandika tathmini kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni. Watu wa Arusha na Dar walikuwa wanauliza kabla ya kununua: daftari linasemaje? Nikisoma swali hilo nilikuwa navimba kichwa, sikatai.

Kibaigwa, upande wa nyuma wa lile soko kubwa la mahindi, yuko fundi mmoja mtu mzima anayetengeneza bushi za malori, vile vipande vya mpira mgumu vinavyokaa kwenye springi ili chuma kisisagane na chuma. Mpira wenyewe anaununua ukiwa maji maji kama uji, kwenye madumu mawili, anauchanganya na kuumimina kwenye kalibu, unaganda. Nilipomsikia nilimtumia gurudumu moja kuukuu kwa basi, nikampigia kumuuliza kama anaweza kutengeneza la namna hiyo. Akasema, "Hii si bushi yenye haraka tu?" Baada ya wiki tatu nikapokea boksi lenye magurudumu manne mekundu, kila moja na kiini chake cha alumini alichokichonga mwenyewe. Kulikuwa na karatasi: "Yapime. Ukimaliza uje uniambie kwa mdomo."

Niliyapima dhidi ya seti mbili za kutoka nje, moja ya njano na moja ya kijivu. Mekundu yalishika lami vizuri sana. Yaliyashinda ya kijivu waziwazi, na kuyapita ya njano kidogo tu. Nilifurahi nikapiga kelele peke yangu pale barabarani. Gurudumu la slalomu limezaliwa Kibaigwa, kati ya magunia ya mahindi na malori.

Baada ya kuteremka mara ya tisa nilikaa ukingoni kuyakagua. Kwenye gurudumu la tatu niliona mstari mwembamba kama unywele pale mpira unapokutana na alumini. Nikachomoa uzi kwenye mfuko wangu, uzi wa kawaida wa kushonea, nikaujaribu pale. Ukaingia. Maana yake mpira ulikuwa umeanza kuachana na kiini chake. Nikaandika kwa penseli: "Gurudumu la 3, uzi unaingia." Kwa utaratibu wangu nilitakiwa kuendelea mpaka mara ya ishirini nione kama ufa unakua. Upepo ukaanza, nikafunga daftari. Jumamosi iliyofuata ningeweza kurudi, lakini badala yake nilipanda basi la Kibaigwa.

Nilitegemea kumkuta peke yake. Nikakuta amewaita mafundi wenzake watatu, wamenawa na kuvaa mashati safi. Mke wake alikuwa amechinja kuku, na pembeni ya ugali kulikuwa na mlenda, kwa kuwa nilimwambia kwenye simu kwamba naupenda. Nikawaamkia wote shikamoo. Fundi akanishika bega akawaambia wenzake, "Huyu ndiye anayepima. Hapendelei mtu." Maji ya kunawa yakaja, nikanawa, nikala. Nilipofika kwenye paja la kuku, ambalo waliniwekea mimi mgeni, akauliza, "Haya mwanangu, yakoje?"

Daftari lilikuwa ndani ya mkoba, limenigusa mguu. Nikawatazama wale wazee na mashati yao. Nikasema, "Mazuri sana, baba. Hayana kasoro."

Wakacheka kwa furaha, mmoja akampiga mgongoni. Mama akaniongezea mlenda.

Kuna jambo moja linanitia aibu kuliko uongo wenyewe. Mimi ni fundi, na hakuna kitu ninachokichukia kama mteja anayejitazama kwenye kioo changu, anasema "imenikaa vizuri, dada," halafu gauni halivai hata siku moja. Nimewasema wateja hao miaka yote. Laiti wangeniambia kwapa linabana, ningelegeza. Siku ile nilikuwa mimi ndiye ninayejitazama kwenye kioo cha mtu na kumdanganya, tena huku natafuna.

Ningeweza kumpigia simu jioni nikiwa nyumbani. Ningeweza kumpigia kesho yake. Kila nilipoishika simu niliona kuwa sasa nitalazimika kueleza pia kwa nini sikusema mezani, nikaiweka. Halafu nikaandika tathmini, na tathmini ikabidi ifanane na niliyoyasema nikiwa nakula. Magurudumu mekundu niliyapa alama za juu kabisa. Ya njano niliyakata alama kwa sababu rangi yake inachafuka upesi, jambo ambalo halijawahi kumwangusha mtu. Mstari wa penseli niliuacha pembeni, sikuupitia kwa wino wala sikuufuta.

Wa kwanza kuagiza seti ya mekundu kwa fundi yule alikuwa binti wa mwaka wa kwanza, mtoto wa wakulima wa Haneti, mwepesi kuliko sisi sote kwenye zile chupa. Aliteremka nayo wiki mbili bila tatizo. Siku ya pili ya wiki ya tatu, kwenye kona ya chupa ya mwisho, mpira wa gurudumu moja ulichomoka ukaendelea na safari peke yake, na yeye akaangukia mkono wa kulia. Mimi nilikuwa juu ya mteremko nimeshika simu nampimia muda. Nilipomfikia alikuwa amekaa, anautazama mkono wake uliopindia mahali pasipo na kiungo. Hakulia. Aliniuliza tu, "Dada, mtihani si wiki ijayo?"

Mfupa ulivunjika sehemu mbili juu kidogo ya kiganja. Mitihani ya muhula ule hakuifanya.

Kwenye ukurasa wetu watu walimshukia fundi wa Kibaigwa. Waliandika kwamba huo ndio ubaya wa vitu vya kienyeji, kwamba arudi kwenye malori yake. Mmoja akaandika, "Hata daftari alilidanganya." Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Ilikuwa inanitetea, na mimi nikaiacha initetee. Siku nne sikuandika neno, nikajisingizia nina sare za shule za kumaliza.

Siku ya tano fundi mwenyewe alisimama mlangoni kwangu. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye kile kiini cha alumini, kitupu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Naomba nilione hilo daftari."

Nilimpa. Hakukaa kwenye kiti nilichomsogezea. Alilifungua juu ya meza ya cherehani na kuanza ukurasa wa kwanza, polepole, kidole chake cheusi cha grisi kikifuata kila mstari. Alipofika kwenye magurudumu yake alitabasamu kidogo kwa zile sekunde. Kisha kidole kikahamia pembeni, kikasimama. Alama ya grisi ipo pale hadi leo.

"Hii penseli ni ya lini?"

"Ya kabla sijaja kwako, baba."

"Kabla ya kuku."

"Kabla ya kuku."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alitoa kile kiini cha alumini kwenye mfuko, akanionyesha mgongo wa kiini, laini unang'aa. "Hapa ningechanja mistari mitatu kwa msumeno," akasema, "mpira ungepata pa kushika. Kazi ya nusu saa. Siku ile ungesema, ningeacha kula nikachanja, na wewe ungenisubiri ukimalizia mlenda."

Nikaanza kusema kwamba nilimheshimu, kwamba kulikuwa na wageni, kwamba mama alikuwa amechinja. Akaniacha nimalize.

"Dereva wa lori akija na bushi mbovu," akasema, "hanipi hata salamu. Ananitukana mpaka marehemu mama yangu. Nakasirika, halafu natengeneza. Wewe ulinipa shikamoo, ukanivika kilemba cha ukoka. Nilikuomba unipimie, mwanangu. Wa kunisifu ninao nyumbani."

Akakunja ule mfuko.

"Yule binti anajua kwamba uliona?"

"Hajui."

"Jana nimetoka kwake. Nimemwomba radhi. Nimemwambia kosa ni langu peke yangu." Akalifunga daftari na kulisogeza upande wangu. "Nilidhani ni langu peke yangu."

Aliondoka bila kunywa hata maji. Nilikaa pale mpaka mteja akaja kuchukua sketi, nikampa ya mtu mwingine. Kisha nikafunga duka, nikachukua daftari na kwenda Chimwaga. Njiani nilitunga maneno mazuri. Nilipanga kuanza kwa pole, halafu nieleze jinsi upimaji ulivyo mgumu, jinsi ufa mwembamba unavyoweza kuwa si kitu. Nilipofika nilikuwa nimeshajisamehe nusu.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi za bweni, mkono wa kulia ndani ya plasta, umening'inizwa kwa khanga shingoni. Mapajani alikuwa na karatasi anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zilikuwa kubwa na zimelala, kama za mtoto wa chekechea. Aliponiona akasimama haraka.

"Shikamoo dada." Akaninyooshea mkono wa kushoto, na uso wake ukaona haya, kwa sababu amelelewa vizuri na anajua mkubwa hapewi mkono huo. "Nisamehe dada, nakupa wa kushoto."

Maneno yangu yote mazuri yakapotea. Niliupokea ule mkono, nikamwambia niliona. Nikamwambia gurudumu la tatu, nikamwambia uzi, nikamwambia Kibaigwa na kuku na wazee wenye mashati safi, na kwamba nilikuwa na wiki kadhaa za kusema nikanyamaza, na kwamba yule baba aliyemwomba radhi hakujua. Nilisema huku nimeshika mkono wake, maana sikujua niuache wakati gani.

Alinisikiliza hadi mwisho. Alitazama daftari kwapani mwangu, wala hakuomba kuliona. Kisha akautoa mkono wake taratibu, akakaa tena kwenye ngazi, akaichukua kalamu.