Uji Niliowamwagia Kuku

Nakumbuka siku moja kuku wa mama mkwe wangu walinishtaki. Hawakusema neno, lakini walinenepa, na unene wao ndio ulioniumbua. Nakuandikia habari hiyo, mwanangu Neema, kwa kuwa Jumapili ulipokuja na kichanga chako uliisukuma sahani ukasema, "Bibi, mimi siku hizi sili, nataka nipungue." Sikukujibu mbele za watu. Nakujibu sasa.

Sikusoma sana, ila watu siwasahau. Mama mkwe wangu aliitwa Nyamizi. Mtoto wangu wa kwanza ni Maganga, baba yako. Wakati huo alikuwa na miezi miwili, tukiishi hapa hapa Kwihara tukingoja ubatizo wake. Nilikuwa na gauni la kitenge cha njano, alilonishonea fundi Issa kabla sijapata mimba. Nikalijaribu, likakwama mbavuni. Mlangoni alikuwa amesimama wifi yangu Kabula, na Kabula kwa utani hakuwa na mfano.

"Wifi, vuta pumzi!"

"Nimevuta."

"Basi mwachie kaka, alivae yeye!"

Nilicheka naye, lakini moyoni neno hilo lilinichoma.

Kwetu mzazi aliletewa chakula chake ndani, akala peke yake: uji mzito wa uwele uliotiwa karanga, apate nguvu na mtoto apate maziwa. Desturi njema, mimi nikaifanya maficho. Nyamizi akigeuka tu, uji naumwagia kuku dirishani. Ugali wa mchana nao hivyo hivyo. Nikabaki na chai ya rangi na maji. Siku ya tano nasikia kizunguzungu, nami nafurahi kwamba gauni limeanza kupita!

Mtoto akaanza kusumbua. Ananyonya, anaachia, analia. Baadaye kilio kikawa chembamba, kikapungua, nami kwa ujinga wangu nikasema ametulia. Nyamizi akamchukua, akambonyeza paja kwa kidole. Akatoka nyuma ya nyumba, akawatazama kuku wake chini ya dirisha langu. Aliporudi alikuwa na tetea kwapani.

"Mkamwana."

"Abee, mama."

"Mshike huyu."

Nikamshika. Mzito kama jiwe la kusagia.

"Haya. Sasa mshike mwanao."

Nikampokea baba yako kwa mkono wa pili. Mwanangu, sitaki nikueleze alivyokuwa mwepesi. Nililia mpaka tetea akaniponyoka.

"Mama, nisamehe."

"Msamaha nimekupa. Sasa kula."

Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humuumbua, na mimi kilio kilikuwa cha mtoto. Siku hiyo Nyamizi aliiacha desturi. Alitandika mkeka ndani, akaweka ugali na majani ya kunde yaliyoungwa karanga, tukala chombo kimoja, mkono wake ukiungoja wangu. Hakunifokea. Alinisimulia babu yake, mpagazi aliyebeba mizigo ya watu kutoka Tabora hadi pwani, zamani za misafara.

"Babu alisema mpagazi hautupi mzigo toka begani," akaniambia. "Huinama kwanza, pole pole, akautua. Anayeutupa huvunjika kiuno. Na wewe umembeba mtu miezi tisa. Mwili wako umekukosea nini?"

Nilikula. Siku ya nne baba yako alinyonya mpaka akalala mdomo wazi, maziwa yakimtiririka kidevuni, na Nyamizi akageukia ukutani afute macho. Ubatizo ulipofika, Kabula mwenyewe aliliachia lile gauni ubavuni, akatia kipande cha kitambaa kingine, akanitania njia nzima hadi kanisani.

Kupungua nilipungua, lakini baadaye, Maganga alipokwisha kushika jembe la kuchezea. Nilipunguza tonge, nikaongeza mboga. Chai ya vijiko vitatu vya sukari ikawa ya kimoja. Nilikula jua halijazama, na shambani nilikwenda kwa miguu. Ilinichukua misimu miwili ya mvua, wala sikulala na njaa hata siku moja. Mwenda pole hajikwai.

Basi sikia, mwanangu, wewe na wenzako mnaonunua majani ya kukondesha kwenye simu. Kutaka mwili mwepesi si kosa. Kosa ni kuuadhibu. Soda ziache, chipsi za kila siku ziache, hizo hazina wa kuzililia. Lakini viazi, kunde, mlenda, maharage na samaki usivikimbie, hasa sasa unaponyonyesha. Siku ya kumpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, mwulize nesi na habari ya uzito wako, atakuelekeza bila kukucheka. Na usile kwa kujificha, wala usikae na njaa kwa kujificha. Kaa na watu, nawa, kula kwa kiasi, inuka. Atakayekucheka mwache acheke, mtoto wako hajui umbo la gauni, anajua ziwa la mama yake.

Mungu akutilie baraka katika ziwa hilo, akuimarishie mifupa, akupe subira na mwili wako kama unavyompa subira huyo mtoto. Akue, akuzidi kimo, na siku moja yeye ndiye akuwekee chakula mbele yako na kukwambia, "Mama, kula." Nawe ule, mwanangu. Amina.